Wageni wa Yangeyange

...na bado wapo, hawajaondoka wala hawana dalili ya kuondoka, gari la kijivu liko palepale kando ya bwawa la maji ya mvua, mlango wa dereva wazi kana kwamba baridi hii haiwahusu, na Salvatori amesimama jikoni nyuma ya pazia la maua alilolinunua mkewe Angelika, mwanaume mzima na ndevu zake, kashika upindo wa pazia kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, anachungulia, anaachia, anachungulia tena, wawili bado ni wawili, na yule mrefu amesimamisha chuma cha miguu mitatu kwenye theluji, juu yake kafunga kitu kirefu cheusi, bomba, darubini, kamera, Mungu ndiye ajuaye, na kitu hicho hakitazami barabarani, hakitazami duka la ng'ambo, kinatazama huku, jengo hili, ghorofa ya chini, dirisha hili... Maji ya ugali yanachemka nyuma yake, ayazime, asiyazime, kuzima ni kugeuka na kugeuka ni kuwapa kisogo, basi yachemke. Kati yake na wao hakuna kitu. Lipo bwawa, yapo matete yaliyokauka, yupo yangeyange mmoja amesimama kwenye maji ambayo hayajaganda bado, anainua mguu, anaushusha, huyo alikuwepo tangu asubuhi, Florida alimwona walipokuwa wakienda kungoja basi la shule, “Baba, look, a white bird,” na yeye akajibu huku akimfunga zipu ya koti, ni yangeyange huyo, twende, tutachelewa, maana yangeyange ni nani mpaka mtu asimame kumtazama, mashamba ya mpunga ya kwao yamejaa hao, na kambini Tanzania walikuwa wakizengea kisima kila siku, mama yake akiwaita nyange na kuwakimbiza kwa fagio wasichafue nguo alizoanika, hapana, hakuna kitu pale cha kutazamwa, kwa hiyo kinachotazamwa ni yeye. Amejiuliza mara ngapi sasa, labda wamekuja kupima bwawa, watu wa maji, watu wa umeme, lakini watu wa umeme huvaa makoti ya rangi ya kung'aa na huja na ngazi na kelele zao, wala hawanong'oni, hawa wananong'ona, mmoja akikanyaga theluji ikalia, mwenzake anamwekea kidole mdomoni, na Wazungu aliowazoea wakikutana kwenye paki huongea, hucheka, hushika vikombe vya kahawa. Watu wanaonyamaza hivyo hawakuja kwa heri.

Na namba ya gari ni ya Ohio, hilo aliliona mapema, akajifanya hakuliona, akalitazama tena likawa Ohio vilevile. Ohio ndiko alikotoka, Columbus, mwaka jana tu, ghala la maboksi ambako alikuwa akisukuma toroli mpaka magoti yanavimba, na kama gari lingekuwa la hapa New York angejipa moyo, lakini nani atoke Columbus mpaka huku Tonawanda, kwenye baridi ya mwanzo wa Desemba, barabara zote theluji, aje asimame kutazama ukuta wa nyumba za wapangaji, hakuna, isipokuwa mtu aliyetumwa... na sasa kuna la pili, limeingia polepole, limezimwa nyuma ya la kwanza, limeteremsha mwanamke wa koti la kijani, naye ana darubini shingoni, na Salvatori amelazimika kufumba jicho moja ili asome namba yake, na alipoisoma amejishika kwenye sinki. Kentucky. Kentucky ni Louisville, Louisville ni Newburg, ndiko walikoshukia siku ya kwanza kutoka uwanja wa ndege na mifuko yao myeupe, Florida akiwa mgongoni, mtu wa shirika la wakimbizi akawaonyesha jinsi ya kuwasha jiko na wao wakaitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, hata walichokuwa hawajaelewa. Kentucky, Ohio, na sasa hapa, yaani njia yote aliyopita, mji kwa mji, kama kuna mtu alianza kwenye ule mlango wa kwanza akawa anauliza, yule Mrundi mwembamba yuko wapi, alihamia wapi, na baada ya hapo alihamia wapi tena. Na aliambiwa, hawezi kusema hakuambiwa, mkimbizi akihama lazima aseme amehamia wapi, aseme mapema, hasa ambaye kadi yake ya kijani bado haijatoka, na kulisemwa, ndiyo, walisema, Angelika alisema, au yeye alidhani Angelika amesema na Angelika akadhani yeye amesema, walikuja kugundua wakiwa Columbus, kitandani, kila mmoja akimwambia mwenzake si ulisema wewe, mimi, si wewe, wakacheka, wakacheka kweli, kicheko cha watu waliochoka, tutasema kesho, na kesho ikaja na shifti yake, halafu Zabroni binamu yake akampigia, njoo Buffalo, viwanda vya Tonawanda vinachukua watu na nyumba si ghali, wakahama tena, na safari hii hakuna hata aliyekumbuka kucheka... Mjinga wewe Salvatori, mjinga wa kutupwa, umekaa ukidhani nchi kubwa hivi haina macho, ukidhani mtu akibadilisha mji na hofu yake inabaki nyuma na godoro bovu, kumbe inapanda gari, inaweka mafuta, inakufuata taratibu.

Simu imetetemeka mfukoni na kidogo apige kelele, ni Angelika, ujumbe wa sauti kutoka kazini, kule hotelini anakokunja mashuka, ameubonyeza bila kupenda na sauti ya mkewe imejaa jikoni, “Baba Florida, unanisikia, yule kuku umtoe kwenye friza sasa hivi, si kama juzi tulivyokula saa nne...” shsh, punguza, watasikia, watasikiaje na dirisha limefungwa, lakini amepunguza, ameiweka simu sikioni, “...na mtoto usimwache avue kofia njiani, kifua chake unakijua, halafu Veridiana kanipigia kutoka Newburg, eh, anasema kwa akina Ndahiro walikuja watu wawili, hawakuvaa sare, wamevaa kiraia tu, wakakaa kwanza nje muda mrefu, wanatazama tu nyumba...” wanatazama tu, amesema wanatazama tu, na yule mrefu ameinamia bomba lake, ameganda, mwanamke amemgusa bega, ameonyesha kwa kidole, huku, kidole kimenyooka huku, “...Ndahiro hakufungua, wakaondoka, lakini mpaka leo hata kanisani haji, mkewe anasema halali, anasikiliza mlango tu, mimi nimemwambia Veridiana, sisi huku hatujaona kitu, huku kumetulia, Mungu ni mwema, sasa kuku usimsahau,” na sauti imekatika, kumetulia, ndivyo alivyosema, huku kumetulia, mama wa watu yuko kule anakunja mashuka akijua kumetulia. Usifungue mlango. Hilo walifundishwa kanisani, mwanasheria alikuja baada ya misa, binti mdogo mwenye sauti laini, akasema watu wa uhamiaji wakigonga usifungue, waombe karatasi iliyosainiwa na hakimu, waipitishe chini ya mlango, uisome, na watu wakafanya mazoezi kama mchezo wa kuigiza, Adriano shemasi akawa mwenye nyumba, na afisa akawa nani, akawa Salvatori, walimpa koti jeusi la padri, akagonga ubao, fungua, fungua, akitoa sauti nzito ya puani, na Adriano akamwambia kwa madaha, naomba karatasi mzee, chini ya mlango tafadhali, watu wakapiga makofi, akina mama wakajifuta machozi kwa kucheka, Florida alikuwa mstari wa mbele akipiga makofi kuliko wote. Habari ya mlango wanaijua sasa. Lakini binti yule hakusema, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza, ufanye nini ikiwa wewe uko ndani na mtoto wako yuko nje.

Maana basi linakuja. Ndilo jambo ambalo amekuwa akilizunguka tangu alipoliona gari la kwanza, amefikiria ugali, amefikiria Columbus, amemfikiria hata Ndahiro wa watu, ili mradi asilifikirie basi. Florida yuko chekechea, na dereva wa basi, mama mnene mwenye kofia ya manyoya, hamshushi mtoto wa chekechea mpaka auone uso wa mzazi, ndiyo sheria yake, anafungua mlango, anatazama, anasema hi Dad, ndipo anamwachia mtoto, asipouona uso anafunga mlango na kumrudisha shuleni, na kituo ni pale, si pengine, ni palepale ubavuni mwa gari la Ohio, yaani atoke, apite mbele ya bomba, apite mbele ya mwanamke wa Kentucky, asimame nao bega kwa bega akingoja, na wao watasema, wewe ni Salvatori, na yeye atasema nini, ataomba karatasi chini ya mlango gani pale kwenye theluji, na basi litafika wakati huohuo, mlango utafunguka, na Florida atasimama kwenye ngazi na mkoba wake wa waridi amwone baba yake ameshikwa mikono nyuma... hapana, asimwone hivyo, bora asimwone kabisa, ni kwa ajili yake, mtoto akiona kitu kama hicho hakimtoki, na asipotoka kutatokea nini kibaya, hakuna, mama wa kofia atatazama, hataona mtu, atamrudisha, shuleni kuna joto, kuna biskuti, mwalimu wake anampenda, Angelika akitoka kazini atampitia, atalia kidogo, watoto wanalia, watamleta tu. Watamleta tu. Na Salvatori amesikia sentensi hiyo imetoka kwa sauti, midomo yake mwenyewe imeitamka hapa jikoni, na sentensi hiyo si yake, anajua ni ya nani.

Ni ya baba yake, siku ya malori. Kambini palikuwa na uvumi wa kurudishwa Burundi, kila wiki uvumi, na baba alikuwa hodari wa kusikia malori kabla ya mtu yeyote, akiinua kichwa katikati ya sala, katikati ya maharage, yanakuja, na siku hiyo yalikuja kweli, mlio ukapanda kilima, vumbi, watu wakatawanyika kama kuku, na Salvatori alikuwa bombani kwenye foleni ya maji na dumu lake la njano, mtoto wa miaka saba au minane, alimwona baba akitoka mlangoni, na baba alimwona, hilo ndilo, walitazamana, umbali wa kurusha jiwe, baba akatazama malori, akamtazama yeye, akageuka, akaingia porini nyuma ya vyoo. Malori yalikuwa ya mahindi. Mgao umewahi, basi, watu wakarudi mmoja mmoja wanachekana, na baba akarudi wakati wa magharibi na miiba kwenye suruali, akamshika kichwa, akasema nilijua watakuleta tu, akacheka, mama akacheka, majirani wakacheka mpaka wakakaa chini, ikawa hadithi ya kambi nzima, baba Salvatori alivyokimbia mahindi, ikisimuliwa kila Krismasi, na Salvatori naye alikuwa akicheka, alijifunza pale pa kuchekea, lakini hajawahi kusahau kuwa baba alimwona. Na siku Florida alipozaliwa, kwenye kliniki ya turubai, alimpakata akasema moyoni jambo ambalo hakumwambia hata Angelika, wewe mimi sitakugeuzia mgongo, hata waje na nini. Basi toka, toka sasa, viatu viko mlangoni, koti liko msumarini, toka... na miguu haitoki, miguu imesikia yote hayo na haina habari, na mkono wake, huo ndio wenye akili, umekwishachukua simu na kumpigia Kipkoech.

Kipkoech ni Mkenya wa ghorofa ya juu, alikuja kusoma akabaki, sasa ni mhasibu wa kampuni fulani na anafanyia kazi nyumbani akiwa na suti juu na kaptura chini, karatasi zake zimenyooka, anatembea kwenye paki ile akipiga mluzi. “Ndugu Kipkoech,” amesema, na sauti yake imemshangaza kwa utulivu, “naomba msaada, tumbo limenikamata vibaya, unishukie umpokee Florida kituoni, dereva anakujua.” “Aah, pole sana bro, no problem, wacha nivae shoes. Lakini Salva, umeona hiyo circus iko hapo nje?” Salvatori ameshika tena upindo wa pazia. “Hao birders, watu wa kutazama ndege. Mimi nilikuwa nadhani ni accident, nikashuka kuuliza. Kuna ka-ndege kameingia hapo kwa pond, little egret, wanasema ni ya Africa na Europe, haifai kuwa huku, imepotea, so ilienda online jana jioni na watu wakaanza kudrive. Huyo mrefu ametoka Columbus, hajalala. Huyo mama na koti ya green ametoka Louisville, can you imagine, Louisville, kuona yangeyange. Kwetu tunazifukuza tu kwa shamba.” Kipkoech anacheka peke yake, anasema jambo jingine kuhusu picha, kuhusu bei ya ile kamera, na Salvatori anatazama, kwa mara ya kwanza hachungulii, anatazama, na bomba halitazami dirisha, liko chini zaidi, limeinamishwa, vipi hakuona kuwa limeinamishwa, na kidole cha mwanamke kinafuata matete, yangeyange amepiga hatua moja, ameinua mguu wenye nyayo za njano na kuutikisa kama paka aliyekanyaga maji, na mwanamke amefunika mdomo kwa glavu zote mbili, mabega yanamtikisika, analia yule, au anacheka, amesafiri barabara zote hizo zenye theluji kwa ajili ya ndege wa kufukuzwa kwa fagio, na sasa amempata, na yule mrefu amesogea ili mwenzake naye aone, zamu kwa zamu, kwa adabu, kama watu wanaopita kuaga maiti... hapana, si maiti, ona akili hii ilivyozoea, kama watu wanaopita kumwona mtoto mchanga, hivyo.

Basi imekwisha. Ni ndege. Cheka, Salvatori, hapa ndipo pa kuchekea, jioni utamsimulia Angelika, na Jumapili Adriano atasimulia kanisa zima, mwanaume aliyemkimbia yangeyange, watakaa chini kwa kucheka, itafika mpaka Newburg, labda hata Ndahiro atacheka, na amejaribu, ametoa sauti moja, imetoka kama kikohozi. Anangoja hofu iondoke. Amengoja kama mtu anavyongoja ganzi imtoke mguuni, sasa hivi, sasa hivi itaachia, na haiachii, imehama tu, mwanzo ilikuwa pale nje kando ya bwawa, na ilikuwa na gari na namba na koti la kijani, ungeweza kuionyesha kwa kidole, sasa iko humu ndani na haina kitu cha kuonyesha. Kwa sababu watu wa bomba hawakujua, Kipkoech hajui, anaamini ni tumbo, Angelika hatajua, mtoto hatajua, hakuna aliyetazamana na mtu safari hii, lakini jambo lilikuwa limekwisha kufanyika, alikuwa amempima, mtoto upande huu na yeye upande ule, na hakuchukua hata muda mrefu, alikuwa amekwisha kumpa biskuti na joto la shule na mwalimu anayempenda, alikuwa amekwisha kumpangia nani atampitia, kwa upole, kwa sababu nzuri, na baba yake naye kule nyuma ya vyoo alikuwa na sababu nzuri, bila shaka alikuwa nazo, na bila shaka naye alikuwa ameapa kitu siku mtoto wake alipozaliwa. “Salva? Uko?” Kipkoech bado yuko kwenye simu. “Naona basi kwa corner. Nishuke ama?” Na kweli linaonekana, la njano, linakuja polepole kwa ajili ya barafu, taa zake zinawaka na kuzimika, “Acha, natoka mwenyewe,” amesema, “tumbo limetulia,” na imetoka vizuri tu, sauti ya baba wa mtu, na bado amesimama palepale, maji yamekauka kwenye sufuria na chuma kimeanza kunuka, atatoka, lazima atatoka, leo hakuna cha kumzuia, leo ni ndege tu, mama wa kofia atauona uso wake na kusema hi Dad na Florida ataruka ngazi ya mwisho bila kushikilia kama kawaida yake, lakini ipo siku nyingine watakuwa wao kweli, na atakachofanya siku hiyo Salvatori amekwisha kukiona.